Nimemsamehe kaka yangu, mbona moyo haujapoa?

Swali la msomaji: Mchungaji, shikamoo. Nimeokoka, ni mama wa watoto wawili. Miaka minne iliyopita ndugu tulichanga pesa za upasuaji wa mama, tukamkabidhi kaka yetu mkubwa azitunze. Siku ya kulipa hospitali akasema zimeisha. Baadaye tukagundua alizitia kwenye biashara yake. Mama alifariki kabla hatujaweza kuchanga upya. Kaka naye sasa ameokoka, na karibu atawekwa wakfu kuwa shemasi. Hajawahi kukaa na sisi akatamka alichofanya. Ukimgusia anajibu, "Mungu ameshanisamehe, wewe ni nani?" Kanisani tulisimuliwa habari za Corrie ten Boom, mwanamke Mkristo wa Uholanzi aliyefungwa na Wanazi, jinsi alivyompa mkono askari wa kambi ya mateso na upendo ukamjaa pale pale. Nikaenda madhabahuni, nikatamka kwamba nimemsamehe kaka. Sikuhisi kitu. Hadi leo nikimwona tumbo linakaza. Sasa anataka kushika tena mfuko wa familia, na ndugu wote wanasema nikipinga basi sijasamehe, na Mathayo 6:15, kwamba asiyesamehe hatasamehewa, inanihusu. Je, nimesamehe au bado? Na ni lazima nihudhurie siku atakapowekwa wakfu? Kumbukumbu za malipo na ujumbe wa simu bado ninazo.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole sana kwa kumpoteza mama, na pole zaidi kwa namna mlivyompoteza.

Nikujibu moja kwa moja kwanza, maelezo yafuate. Kwa jinsi ulivyoandika, naona umesamehe, na kazi ya kusamehe bado inaendelea ndani yako. Hayo mawili hayapingani. Pili, una haki kamili ya kukataa kaka yako asishike mfuko wa familia, leo na hata mwaka ujao, bila kuwa umevunja neno lolote la Bwana Yesu. Ndugu zako wamechanganya mambo ambayo Biblia inayatenganisha. Na kisa walichokusimulia, ukikisoma chote, kiko upande wako kuliko upande wao.

Kisa hicho kimehubiriwa sana. Nami nimekihubiri. Tatizo ni kwamba wahubiri tunapenda kukikata mahali patamu: mkono, joto, machozi, amina. Msikilizaji anarudi nyumbani akidhani msamaha wa kweli una dalili zake mwilini, na asiyezipata ana kasoro. Kwa hiyo acha nikisimulie tena, polepole.

Familia ya ten Boom walikuwa mafundi wa saa mjini Haarlem, Uholanzi. Wanazi wa Ujerumani walipoitawala nchi yao katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wao waliwaficha Wayahudi nyumbani, na chumbani mwa Corrie ulijengwa ukuta wa uongo wenye nafasi ndogo ya watu kujibana nyuma yake. Tarehe 28 Februari 1944 nyumba ikavamiwa. Aliyewauza alikuwa Mholanzi mwenzao. Mzee Casper, baba yao, mwenye miaka 84, alifia kifungoni baada ya siku kumi hivi. Corrie na dada yake Betsie walihamishwa kutoka gereza hadi gereza, mwisho wakafikishwa Ravensbrück, kambi ya wanawake nchini Ujerumani. Betsie alifia humo Desemba 1944. Siku chache baadaye Corrie akaachiliwa.

Mwaka 1947 alikuwa Munich, katika Ujerumani iliyoshindwa vita, akihubiri kanisani kwamba Mungu akisamehe dhambi huzitupa katika vilindi vya bahari. Ibada ilipokwisha, watu wakitoka kimya kimya, akamwona mwanaume mmoja akija mbele kinyume na wenzake, amevaa koti zito, kofia ameishika mikononi. Corrie akamtambua. Mara moja akauona tena ule ukumbi wenye taa kali, rundo la magauni na viatu sakafuni, na aibu ya kupita uchi mbele ya mtu huyu huyu akiwa amevaa sare. Akamwona na Betsie mbele yake, mbavu zinahesabika.

Yule mtu hakumkumbuka Corrie. Alisema amesikia ametaja Ravensbrück, na kwamba yeye alikuwa askari wa zamu kule. Akasema tangu wakati ule amekuwa Mkristo, na anajua Mungu amemsamehe ukatili alioufanya, lakini angependa kusikia msamaha huo pia kinywani mwa Corrie. Akanyoosha mkono.

Corrie, aliyetoka kuhubiri msamaha dakika chache tu zilizopita, akaanza kupekuapekua mkoba wake ili asiupokee. Alieleza baadaye kwamba rohoni alikuwa baridi kabisa. Akamwomba Yesu amsaidie: mkono wangu naweza kuuinua, hilo nitafanya, hisia utanipa wewe. Akauinua mkono kama kitu kisicho chake. Joto lilikuja baada ya hapo.

Angalia mpangilio wake. Alitii kwanza, akiwa baridi. Kama angesubiri ahisi upendo ndipo atoe mkono, yule mtu angeondoka na kofia yake. Wewe ulikwenda madhabahuni tumbo limekaza, ukatamka. Ulifanya alichofanya Corrie, na ulifanya pasipo msaada ambao yeye aliupata: mbele yako hakuwepo mtu aliyekiri. Joto ni zawadi ya Mungu, humpa amtakaye na kwa wakati autakao. Hakuna andiko linalolifanya kuwa kipimo cha msamaha.

Sasa sehemu ambayo mara nyingi haihubiriwi. Corrie mwenyewe alisimulia wazi kwamba baada ya Munich hakugeuka mtu wa kusamehe kwa urahisi. Miaka mingi baadaye, marafiki Wakristo aliowapenda walimtendea jambo lililomuumiza. Akasamehe, kisha usiku akajikuta macho yako wazi, anarudia kisa kizima kichwani. Mchungaji mmoja Mlutheri akamwonyesha kengele ya kanisa inayopigwa kwa kuvuta kamba. Ukiiachia kamba, kengele haikomi papo hapo. Italia tena, na tena, kila mara kwa pole zaidi, hadi inyamaze, ili mradi usiishike kamba tena. Mawazo machungu yanayokurudia ni ile milio ya mwisho. Mfano huu umewasaidia watu wengi niliokaa nao kuliko hotuba zangu zote, kwa hiyo nakupa kama ulivyo.

Kwa hiyo tumbo likikaza unapomwona kaka, hiyo ni kengele inalia. Kamba unaishika pale unapokaa kitandani kwa makusudi ukitunga maneno ya kumchoma, au unapopiga simu kwa shangazi ili kisa kisimuliwe upya na wewe upate wa kukuhurumia. Unajua tofauti. Kila mtu aliyeumizwa anaijua, hata kama hapendi kuulizwa.

Nirudi kwa yule askari, maana ndipo hoja ya kaka yako inapoanguka. Wote wawili wamesema sentensi moja: Mungu amenisamehe. Lakini tazama kila mmoja aliifanyia nini. Askari alitaja kambi kwa jina, akakiri kwamba alikuwa askari wake, akakiri ukatili, kisha akasema kwamba pamoja na msamaha wa Mungu bado anahitaji kusikia neno la mtu aliyemuumiza. Msamaha wa Mungu ulimsukuma kumwendea mwanamke huyu. Kaka yako anautumia kufunga mlango: Mungu amenisamehe, kwa hiyo wewe nyamaza. Sitamhukumu kwamba hajaokoka, hilo si langu wala si lako. Ninachosema ni kwamba toba yake, kwa upande wenu ndugu zake, bado haijafika nyumbani.

Utauliza: basi nisubiri atubu ndipo nimsamehe? Maana Luka 17:3 inasema, "akitubu msamehe." Wapo walimu wazuri wanaosimama hapo. Mimi husoma andiko hilo pamoja na Marko 11:25, ambapo Bwana anasema tusimamapo kusali tusamehe tukiwa na neno juu ya mtu. Hapo mkosaji hayupo, na toba yake haitajwi. Kuna kuachilia kunakofanyika kati yako na Mungu, nako hakumngoji mtu. Na kuna kupatana, ambako kunahitaji watu wawili na ukweli uliotamkwa. La kwanza umelifanya. La pili haliko mikononi mwako peke yako.

Na hili pia liko katika kisa chenyewe. Wakiwa wafungwa huko Vught, kambi iliyokuwa Uholanzi, kabla ya Ravensbrück, akina ten Boom walilijua jina la Mholanzi aliyewasaliti. Corrie aliwaka hasira, akashindwa hata kusali. Akamuuliza Betsie kama yeye haumii. Betsie akamwambia kwamba kila anapomfikiria mtu yule humwombea, maana lazima naye anateseka vibaya. Corrie alikaa na jibu hilo gizani, akatambua kwamba moyoni mwake amekuwa muuaji, akaomba rehema, akamsamehe na yule msaliti. Usiku ule, alivyosimulia, alipata usingizi mzuri. Msaliti hakuwa ametubu wala kuomba chochote. Nampenda Betsie kuliko Corrie katika habari hii, nikiri hivyo. Munich inavutia kwa sababu ina tukio, lakini shule aliyosoma Corrie ilikuwa pale Vught, na mwalimu wake hakuishi kuiona Munich.

Kuhusu mfuko wa familia, sikiliza jambo ambalo ningependa ndugu zako walisikie. Baada ya vita Corrie alisaidia kuanzisha nyumba huko Bloemendaal, karibu na Haarlem, kwa ajili ya watu walioharibiwa na vita. Waholanzi walioshirikiana na Wanazi nao walikuwa wakitangatanga, wamefukuzwa makwao, wamechukiwa na kila mtu. Corrie akajaribu kuwaleta pale pale waishi na waliotoka kwenye makambi. Haikuwezekana, magomvi yakazuka. Alichofanya ni kuwatafutia mahali pengine: akawapa hao waliosaliti nyumba ya ukoo wake mjini Haarlem, ile ile iliyovamiwa mwaka 1944.

Fikiri hapo kidogo. Mwanamke huyo huyo tunayemtumia kuwashinikiza watu wapatane kwa nguvu, yeye hakuwalazimisha walioumizwa kulala chini ya paa moja na waliowaumiza. Aliwahudumia wote, katika nyumba mbili. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa kuwatenganisha amefuta msamaha wake.

Yusufu vilevile. Ndugu zake walipofika Misri kununua nafaka, aliwatambua, na Mwanzo 42:24 inasema alijitenga akalia. Aliyelia hivyo hana moyo wa jiwe. Lakini hakujifunua siku ile. Alimzuia Simeoni, akaagiza Benyamini aletwe, akatia kikombe chake cha fedha guniani, akangoja kuona kama watamwacha ndugu mwingine utumwani kama walivyomwacha yeye. Yuda aliposimama akajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wao, ndipo Yusufu akashindwa kujizuia. Kusamehe hakukumfanya aache kupima. Amana inarudi kwa ushahidi, na ushahidi huchukua muda.

Kwa hiyo kwenye kikao cha familia unaweza kusema, kwa utulivu: "Kaka, nimekusamehe mbele za Mungu na sitaki ulipiziwe. Mfuko sikubali uushike, kwa sababu zile pesa za mama hatujawahi kuzizungumza." Halafu nyamaza. Watakuambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Waambie sawa kabisa, na kuganga yajayo ndiko kuweka watu wawili wa kutia saini, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kama kaka amebadilika, utaratibu huo hautamuumiza. Utamlinda hata yeye.

Pesa zenyewe je, unaweza kuzidai? Unaweza. Paulo alipomwombea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni hakusema hasara isahauliwe. Alisema kama amekudhulumu au unamdai kitu, uandike juu yangu. Deni lilitambuliwa, na akapatikana wa kulibeba. Nyinyi mnaweza kuamua kulifuta, na kufuta deni ni tendo jema sana, lakini huwezi kufuta kitu ambacho hakijaandikwa popote. Hata katika mfano wa Mathayo 18, wa mtumwa aliyesamehewa deni kubwa kisha akakataa kusamehe, mtumwa mwenzake alidaiwa dinari mia, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Bwana hakusema kwamba ni fedha kidogo isiyostahili kutajwa. Ni kidogo tu ukiiweka kando ya talanta elfu kumi tulizosamehewa sisi.

Swali la vyombo vya sheria hukuniuliza, ila wengine huniuliza, basi nilipitie haraka. Januari 1999, katika kijiji cha Manoharpur jimboni Odisha, India, mmisionari Mwaustralia Graham Staines na wanawe wawili wadogo walichomwa moto wakiwa wamelala ndani ya gari. Mjane wake, Gladys, alitangaza hadharani kwamba amewasamehe wauaji, akabaki India miaka kadhaa akiendelea kuwahudumia wenye ukoma huko Baripada. Mahakama nayo iliendelea na kazi yake, na mwaka 2011 Mahakama ya Juu Kabisa ya India ilithibitisha kifungo cha maisha kwa kiongozi wa wauaji. Msamaha wake haukumwachilia mtu gerezani, wala hukumu haikuubatilisha msamaha wake. Na msomaji unayepigwa ndani ya nyumba, ukaambiwa "samehe urudi": toka, uwe salama kwanza. Kusamehe unaweza ukiwa mbali.

Sasa Mathayo 6:15, ambayo naona ndiyo inayokunyima usingizi. Bwana anasema msiposamehe, Baba hatawasamehe. Neno hilo ni zito, na sitalipunguza. Lakini linamhusu mtu anayekataa kusamehe, anayeshika koo la mdeni wake na kusema utanilipa. Halimhusu anayelia kwa sababu anaona msamaha wake ni mdogo. Petro alipouliza mara ngapi, akaambiwa "saba mara sabini." Huwa nalisoma neno hilo kwa makosa mapya, na pia kwa kosa moja linalorudi kichwani mara zote hizo. Jumatatu unamsamehe, Alhamisi unasikia wimbo aliopenda mama, donge linarudi kooni, unamsamehe tena. Huko si kurudi mwanzo.

Kitu kimoja cha kufanya usiku, nimekichukua kwa Betsie: picha ya kaka ikija, mwombee jambo moja, kwa jina lake. Si lazima liwe kubwa. Mwombee kazi yake, au mtoto wake anayeumwa. Mwanzoni maneno yatakuwa makavu kama mchanga. Sema hivyo hivyo. Ukishindwa hata hilo, mwambie Mungu umeshindwa, ulale.

Kuhusu kumbukumbu za malipo na ujumbe wa simu ulizohifadhi (uliziongelea mwishoni mwa barua), Corrie ana kisa chake. Alimweleza mtu kwamba amewasamehe wale marafiki, halafu akajigamba kwamba makosa yao anayo kwa maandishi yao wenyewe. Akaulizwa inakuwaje dhambi zake yeye ziwe vilindini, na za wenzake ziwe kwenye makaratasi. Akazichoma barua zile. Wengine watakuambia nawe uchome. Mimi sikushauri hivyo, si sasa. Barua za Corrie zilikuwa za kuthibitisha kwamba yeye ndiye mwenye haki, hazikuwa na kazi nyingine. Za kwako zinahusu fedha za watu kadhaa, na hesabu haijafanyika. Mpe mdogo wako anayeaminika azitunze, zitoke kwenye simu yako, usiweze kuzifungua saa nane za usiku. Siku hesabu ikiisha, mkae mziharibu pamoja.

Umeuliza pia kama ni lazima uhudhurie siku ya kuwekwa wakfu kwake. Si lazima. Ukienda, nenda kwa sababu unataka kwenda, usiende kutoa ushahidi kwamba umesamehe. Lakini wazee wa kanisa wakikuuliza juu ya uaminifu wake katika fedha, usidanganye kwa jina la msamaha. Paulo aliandika kuhusu mashemasi kwamba wajaribiwe kwanza (1 Timotheo 3:10), na kazi hiyo ni yao wazee. Wajibu walichouliza, kwa ukweli, bila kuongeza chumvi, kisha waachie. Kama hawakuulizi, mwendee kaka kwanza peke yenu wawili, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, umwambie utakavyojibu siku ukiulizwa. Huenda hayo yakawa mazungumzo ya kwanza ya kweli kati yenu tangu msiba.